Kituo cha Mama na Fedha za Serikali

1. Nani atakaa na mtoto?

Jua linachomoza. Baba anakwenda kazini. Mama naye anakwenda kazini. Watoto wakubwa wanakwenda shule. Nyumbani amebaki mtoto wa miaka mitatu. Nani atakaa naye?

Zamani swali hili halikuwa gumu. Bibi alikuwapo, shangazi alikuwapo, jirani alikuwapo. Siku hizi bibi mwenyewe yuko shambani au sokoni. Dada mkubwa akiachishwa masomo ili akae na mdogo wake, tumemsaidia mmoja na kumharibia mwingine. Mtoto akifungiwa ndani peke yake, kuna moto, kuna maji, kuna dawa ya kuulia wadudu. Kila mzazi anazijua hatari hizi.

Kwa hiyo watu huanzisha vituo vya kulelea watoto mchana. Lakini kituo kina gharama. Mtoto anataka uji, mlezi anataka mshahara, chumba kinataka paa. Nani alipe? Wazazi peke yao? Au serikali isaidie? Na serikali ikisaidia kituo ambacho si chake, itajuaje kwamba fedha zimemfikia mtoto?

Katika somo hili tutasoma habari za Afrika Kusini. Nchi hiyo imejaribu kujibu maswali haya kwa miaka mingi. Iko mahali ilipofaulu, na iko mahali ilipokwama. Soma polepole. Ukifika kwenye hesabu, chukua kalamu na daftari.

2. Vituo vilivyoanza

Mpaka mwaka 1994 Afrika Kusini ilitawaliwa kwa ubaguzi wa rangi. Wanaume wengi Waafrika walifanya kazi migodini, mbali na nyumbani. Wanawake wengi walikwenda mijini kufanya kazi katika nyumba za Wazungu. Mama alimlea mtoto wa tajiri wake kutwa nzima. Mtoto wake mwenyewe aliachwa kwa bibi, au kwa jirani.

Serikali ya wakati ule haikujali malezi ya watoto wadogo wa Kiafrika. Basi akina mama walijisaidia wenyewe. Mmoja alifungua chumba chake. Mwingine alijenga banda la mabati uani. Makanisa nayo yalitoa kumbi zao. Wazazi walichanga fedha kidogo, na mlezi akapika uji. Hivyo ndivyo vituo vingi vilivyoanza. Havikuanzishwa na wizara. Vilianzishwa na haja.

Mwaka 1994 watu wote walipiga kura, na serikali mpya ikaingia. Serikali hiyo ilikuta vituo vingi tayari vinafanya kazi. Ingeweza kusema, "Tutajenga vituo vyetu kila mahali." Lakini kujenga kila mahali kungechukua miaka mingi na fedha nyingi. Na watoto hawasubiri. Mtoto wa miaka mitatu leo, baada ya miaka minne ni wa miaka saba.

Kwa hiyo kazi iligawanywa. Mwaka 2001 serikali ilipanga kwamba mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza uwe katika shule za msingi. Mwaka 2024 sheria mpya ilifanya mwaka huo kuwa wa lazima kwa kila mtoto. Lakini watoto wadogo zaidi walibaki katika vituo vya watu binafsi, vya vikundi na vya makanisa. Serikali ikaamua kuvisaidia vituo hivyo kwa fedha.

Mwaka 2021 vituo vya nchi nzima vilihesabiwa. Vilikuwa zaidi ya 42,000. Watoto walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 1.6. Huo ni umati mkubwa wa watoto. Na wengi wa walezi wao walikuwa wanawake.

3. Ruzuku ni nini?

Fedha ambazo serikali inatoa kukisaidia kituo huitwa ruzuku. Ruzuku si mkopo. Hairudishwi. Lakini pia si zawadi ya kutumia upendavyo. Ni fedha za umma zilizotolewa kwa kazi maalumu.

Huko Afrika Kusini ruzuku huhesabiwa kwa mtoto na kwa siku. Hutolewa kwa ajili ya watoto wa wazazi wenye kipato kidogo. Fedha hutoka hazina ya taifa, hupita katika serikali ya jimbo, kisha huingia benki katika hesabu ya kituo.

Kwa miaka mingi kiasi kilikuwa randi 15 kwa mtoto kwa siku. Randi ni fedha ya nchi hiyo. Mwaka 2019 kiasi kikawa randi 17. Baada ya hapo hakikupanda tena kwa miaka sita. Bei ya unga ilipanda. Bei ya mafuta ilipanda. Nauli ilipanda. Lakini randi 17 ilibaki randi 17. Walezi walilalamika, na watu wengine wakawasemea. Katika bajeti ya mwaka 2025 serikali ilipandisha ruzuku kuwa randi 24. Pia ilisema inataka kuwafikia watoto wengine 700,000.

4. Tufanye hesabu

Tuseme kituo kina watoto 30 wanaolipiwa ruzuku. Kituo kinafunguliwa siku 22 kwa mwezi.

Kwa kiasi cha zamani:
30 × 17 × 22 = randi 11,220 kwa mwezi.

Kwa kiasi kipya:
30 × 24 × 22 = randi 15,840 kwa mwezi.

Tofauti ni randi 4,620. Kwa kituo kidogo tofauti hiyo si ndogo.

Sasa tuzigawe fedha hizo. Tuseme kamati ya kituo imekubaliana hivi: katika kila randi 100, randi 40 ni za chakula, randi 40 ni za walezi, na randi 20 ni za vifaa, sabuni, maji na mengineyo.

Chakula: randi 6,336.
Walezi: randi 6,336.
Vifaa na mengineyo: randi 3,168.

Chakula cha mtoto mmoja kwa siku moja kitakuwa randi 9 na senti 60. Mlezi akinunua kwa akili, mtoto atapata uji asubuhi na chakula cha mchana.

Walezi je? Kituo kina walezi wawili. Kila mmoja atapata randi 3,168 kwa mwezi. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara nchini humo kilikuwa randi 28 na senti 79 kwa saa. Mtu akifanya kazi saa 8 kwa siku, siku 22, inampasa kupata kama randi 5,067. Kwa hiyo kila mlezi anapungukiwa na randi 1,899. Walezi wawili wanapungukiwa na randi 3,798.

Upungufu huu nani anaujaza? Wazazi. Wakigawana wazazi 30, kila mmoja atatoa karibu randi 127 kwa mwezi. Ndiyo maana vituo vingi vinavyopata ruzuku bado vinatoza ada. Na mzazi asipopata fedha mwezi huo, ni mlezi anayekosa mshahara.

Hili ni jambo la kwanza la kukumbuka. Serikali inaweza kusema, "Tunasaidia." Ni kweli inasaidia. Lakini kusaidia si sawa na kulipa gharama yote. Tusiridhike na neno. Tupige hesabu.

5. Masharti

Serikali haitoi ruzuku kwa kila anayeomba. Kwanza kituo lazima kisajiliwe. Kusajiliwa maana yake ni kuandikwa katika daftari la serikali na kupewa cheti.

Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini ilitungwa mwaka 2005. Sehemu kubwa yake ilianza kutumika mwaka 2010. Sheria hiyo inasema kwamba mtu anayelea watoto zaidi ya sita kwa niaba ya wazazi wao lazima asajili kituo chake. Haya ni baadhi ya masharti yake:

(a) Ndani pawe na nafasi ya mita moja na nusu ya mraba kwa kila mtoto. Nje pawe na mita mbili za mraba kwa kila mtoto.

(b) Walezi watoshe. Watoto wachanga sita wawe na mlezi mmoja. Watoto wa miaka mitatu na minne, watoto 20 wawe na mlezi mmoja.

(c) Pawe na vyoo salama, maji safi, na mahali pa kupikia palipo mbali na watoto.

(d) Walezi wachunguzwe, ili mtu aliyewahi kumdhuru mtoto asipewe kazi ya kulea.

Pamoja na haya, halmashauri ya mahali hutaka kuona ramani ya jengo, na hutaka kujua kama kiwanja kimeruhusiwa kwa kazi hiyo. Bwana afya naye hukagua.

Je, masharti haya ni usumbufu tu? Hapana. Mwaka 2014, katika jimbo la Limpopo, mtoto wa miaka mitano alitumbukia katika choo cha shimo cha shule akafa. Nchi nzima ilihuzunika. Choo kibovu si jambo dogo kwa mtoto mdogo. Wala mlezi asiyechunguzwa si jambo dogo. Ni haki ya mzazi kujua kwamba jioni atamkuta mtoto wake mzima.

Basi masharti ni mazuri. Shida iko mahali pengine. Hebu tuione.

6. Mama aliyekwama

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Tumemtunga sisi, ila mambo yake ni ya akina mama wengi wa Afrika Kusini.

Mama huyu anaishi kijijini. Analea watoto 30 katika chumba chenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 4. Choo chake ni cha shimo. Maji anachota bombani, mbali kidogo. Amefanya kazi hiyo miaka 15. Watoto aliowalea zamani sasa wanamletea watoto wao.

Siku moja afisa wa serikali alifika. Alitazama chumba, akatazama jiko, akatazama choo. Kisha wakaongea.

"Mama, kazi yako nimeipenda. Watoto ni wasafi na wana furaha. Lakini siwezi kukisajili kituo hiki."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Chumba ni kidogo. Choo si salama. Huna ramani ya jengo. Na hati ya kiwanja sijaiona."

"Kiwanja tulipewa na chifu, mimi na marehemu mume wangu. Katika kijiji hiki nani ana hati?"

"Sheria ndivyo inavyosema, mama."

"Basi nipeni hiyo ruzuku. Nitajenga chumba, nitachimba choo kizuri."

"Ruzuku hupewa kituo kilichosajiliwa, mama."

"Nisajilini, basi."

"Kituo husajiliwa kikiwa na chumba na choo."

Mama akanyamaza. Afisa naye akanyamaza. Kila mmoja alikuwa amesema kweli.

Umeona fundo lilipo? Mama hana jengo, kwa hiyo hana cheti. Hana cheti, kwa hiyo hana ruzuku. Hana ruzuku, kwa hiyo hana jengo. Anazunguka kama ng'ombe aliyefungwa kambani.

Tupige hesabu tena. Chumba chake ni 6 × 4 = mita 24 za mraba. Kila mtoto anahitaji mita moja na nusu. Kwa hiyo chumba kinatosha watoto 16 tu. Wale 14 waende wapi? Akiwafukuza, watafungiwa nyumbani. Akiwabakiza, anavunja sheria.

Na kituo cha mjini, chenye jengo la matofali na wazazi wenye mishahara, kinaweza kutimiza masharti upesi. Kituo cha maskini kinachelewa, na watoto wake ndio hasa waliokusudiwa kusaidiwa.

Haya hayakuwa mambo ya mama mmoja. Katika hesabu ya mwaka 2021, katika kila vituo 100, vilivyosajiliwa vilikuwa 40. Vilivyopata ruzuku vilikuwa 33. Hivyo katika kila vituo 100, vituo 67 vilifanya kazi bila fedha za serikali.

7. Kulifungua fundo

Fundo hili lilifunguliwaje? Halijafunguka lote. Lakini hatua kadhaa zimechukuliwa.

Kwanza, usajili wa masharti. Kituo ambacho hakijatimiza yote, ila hakina hatari kubwa, huweza kupewa cheti cha muda. Kinaambiwa: "Rekebisha haya na haya kabla ya tarehe fulani." Hivyo mama hafungiwi mlango. Anapewa nafasi ya kupanda ngazi.

Pili, fedha za matengenezo. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/18 serikali ilitenga fungu la pekee. Sehemu moja ilikuwa ya kuongeza ruzuku. Sehemu nyingine ilikuwa ya kutengeneza majengo ya vituo vya maskini, ili viweze kutimiza masharti. Sasa fedha ziliweza kuja kabla ya cheti kamili. Hapo ndipo kamba ilipoanza kulegea.

Tatu, wizara moja. Zamani vituo vilikuwa chini ya wizara ya ustawi wa jamii, na shule zilikuwa chini ya wizara ya elimu. Tarehe 1 Aprili 2022 kazi ya vituo ilihamishiwa wizara ya elimu ya msingi. Shabaha ilikuwa kumtazama mtoto kama mwanafunzi tangu akiwa mdogo, si kama mtu wa kuangaliwa tu asianguke.

Nne, kampeni ya usajili. Mwaka 2025 serikali ilianzisha kampeni iitwayo Bana Pele. Maana yake ni "watoto kwanza". Wenye vituo walihimizwa kujitokeza wakaandikishwe. Usajili uligawanywa katika ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Kituo duni huanza chini, kikasaidiwa kupanda.

Angalia jambo moja katika hatua hizi zote. Masharti hayakufutwa. Choo salama bado ni lazima. Kilichobadilika ni utaratibu. Badala ya kusema, "Timiza, kisha tukusaidie," serikali ilianza kusema, "Tukusaidie utimize."

8. Mwaka wa korona

Mwezi Machi 2020 ugonjwa wa korona ulienea, na vituo vyote vya Afrika Kusini vikafungwa. Wazazi wengi walipoteza kazi. Ada hazikulipwa. Walezi walikaa nyumbani bila kitu. Katika majimbo kadhaa hata ruzuku haikulipwa yote.

Wenye vituo hawakukaa kulia tu. Walikwenda mahakamani. Mwezi Oktoba 2020 Mahakama Kuu mjini Pretoria iliamua kwamba ruzuku ilipwe yote, hata kwa siku ambazo vituo vilikuwa vimefungwa.

Tunajifunza nini? Ruzuku ikishaahidiwa kwa sheria, si hisani ya afisa. Ni haki, na haki hudaiwa. Lakini tunajifunza na jambo la pili. Vituo visivyosajiliwa havikuwa na ruzuku ya kudai. Mama yule wa mfano wetu asingekuwa na karatasi ya kumwonyesha hakimu.

9. Fedha peke yake hazifundishi

Mtu anaweza kusema, "Mtoto akila na kulala, yatosha." Hayatoshi.

Mwaka 2021 watoto wa miaka minne na mitano waliokuwa katika vituo vya Afrika Kusini walipimwa. Zaidi ya nusu hawakuwa wamefikia kiwango kinachotakiwa kwa umri wao. Mwaka huohuo wanafunzi wa darasa la nne walipimwa kusoma. Katika kila wanafunzi 100, wanafunzi 81 hawakuweza kusoma na kuelewa walichosoma.

Ugonjwa huu hauanzi darasa la nne. Unaanza mapema. Mtoto ambaye hakusimuliwa hadithi, hakuulizwa maswali, hakucheza na wenzake, anafika shuleni akiwa amechelewa tayari.

Kulea vizuri hakuhitaji vitu vya dukani tu. Mlezi huweza kuhesabu vizibo vya chupa pamoja na watoto. Huweza kuimba, kutega vitendawili, kusimulia hadithi na kuuliza, "Sungura alifanya nini baadaye?" Huweza kumwacha mtoto achore mchangani. Lakini mlezi mmoja mwenye watoto 40 hawezi kumsikiliza hata mmoja. Wala mlezi asiye na mafunzo hajui amfanyie nini mtoto anayechelewa kusema. Kwa hiyo fedha za umma ziende pia kwenye mafunzo ya walezi na kwenye mshahara wa kuwafanya wabaki kazini.

10. Kuandika ni kulinda

Fedha za umma zinapoingia katika kituo cha mtu binafsi, watu huuliza, "Je, hazitaliwa?" Ni swali la haki.

Tuseme kituo kina watoto 22, lakini mwenye kituo ameandika 30. Wale 8 ni watoto hewa. Kila mwezi anachukua 8 × 24 × 22 = randi 4,224 za watoto wasiokuwapo. Amewaibia watu wote wanaolipa kodi. Tena amewaharibia wenye vituo waaminifu, kwa sababu kesho serikali haitawaamini.

Dawa yake ni kuandika. Kituo kizuri kina daftari la mahudhurio, na jina la kila mtoto linawekwa alama kila siku. Kina kitabu cha fedha zilizoingia na zilizotoka. Stakabadhi zote zimehifadhiwa. Orodha ya chakula cha wiki imebandikwa ukutani, ili mzazi aone kama Jumatano ilikuwa siku ya maharage, na kama maharage yalipikwa kweli.

Lakini kuandika bila kusomwa hakulindi. Lazima wazazi wasome. Hapa ndugu mwanakisomo ndipo wewe unapoingia. Zamani ukiona karatasi ukutani ulipita. Leo unaweza kusimama ukaisoma. Unaweza kuomba kitabu cha fedha katika mkutano wa wazazi, ukajumlisha mwenyewe. Huna haja ya kugombana. Uliza tu, "Mwezi uliopita tulipokea kiasi gani? Unga ulinunuliwa kiasi gani? Stakabadhi iko wapi?" Mwenye kituo mwaminifu atafurahi kuulizwa, kwa sababu vitabu vyake vitamtetea.

11. Muhtasari

Watoto wadogo wanaweza kulelewa katika kituo cha mtu binafsi kwa fedha za umma. Afrika Kusini imefanya hivyo, na watoto wengi wamekula na kujifunza kwa sababu hiyo.

Masharti ya usalama ni ya lazima. Lakini masharti yasiyo na msaada humfungia nje maskini, naye ndiye aliyekusudiwa. Serikali idai choo salama, na isaidie kukijenga.

Ruzuku isiyopanda wakati bei zinapanda hupungua thamani mwaka hata mwaka.

Fedha za umma zinalindwa na daftari, na daftari linalindwa na wasomaji.

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe. Ikiwa kijijini kwenu kuna kituo, au mnafikiri kuanzisha kimoja, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii mkaulize taratibu mapema, kabla ya kuinua ukuta wa kwanza.

MANENO YA KUJIFUNZA

Ruzuku: fedha za serikali za kusaidia huduma, zisizorudishwa.
Kusajili: kuandika katika daftari la serikali na kutoa cheti.
Sharti: jambo linalolazimu kutimizwa kwanza.
Mahudhurio: kuwapo kwa watu mahali wanapotakiwa kuwapo.
Stakabadhi: karatasi ya kuonyesha kwamba fedha zimelipwa.
Ada: fedha anazolipa mzazi kwa ajili ya mtoto wake.

MASWALI

1. Kwa nini serikali ya Afrika Kusini haikujenga vituo vyake kila mahali baada ya mwaka 1994?
2. Ruzuku ilikuwa randi ngapi mwaka 2019? Ilipandishwa kuwa randi ngapi mwaka 2025?
3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi mama wa mfano wetu alivyokwama.
4. Usajili wa masharti unamsaidiaje mama kama huyo?
5. Mahakama iliamua nini mwezi Oktoba 2020?

HESABU

1. Kituo kina watoto 20 wanaolipiwa randi 24 kwa siku. Mwezi una siku 22 za kazi. Kituo kitapata kiasi gani?
2. Chumba kina urefu wa mita 9 na upana wa mita 5. Kila mtoto anahitaji mita moja na nusu ya mraba. Chumba kinatosha watoto wangapi?

YA KUJADILI DARASANI

1. Kijijini kwetu, asubuhi wazazi wakienda shambani, nani anabaki na watoto wadogo? Tutaje nyumba kwa nyumba.
2. Afisa angefanya nini alipoona chumba cha mama yule? Angefunga kituo? Angenyamaza? Au iko njia nyingine?
3. Mwenye kituo ni jirani yako na ni mtu mwema, lakini hataki kuonyesha kitabu cha fedha. Utamwambiaje?